Jina Litakalosomwa Jumamosi

Thornton Heath, Alhamisi baada ya adhuhuri

Mwanangu Zuwena,

Barua ya kawaida ingeanza kwa kukuulizia hali. Hali yako naijua. Asubuhi umenipita jikoni na kikombe chako, ukafungua friji, ukafunga, ukatoka. Wiki ya pili hii tunaishi hivyo, watu watatu nyumba moja na sauti inayosikika ni ya birika tu. Salamu nitakupa jioni kwa mdomo, kama bado utataka kuipokea.

Wewe na mama yako mmekwenda Woolwich kuchukua nguo kwa fundi. Namjua mama yako akishaingia soko lile, hamtarudi kabla ya alasiri kwisha. Nimempigia msimamizi wa gereji nikamwambia leo siendeshi. Miaka kumi na tisa ya kuendesha basi, sijawahi kuikimbia zamu na huku sina hata mafua. Kaniuliza, kwa jina walilonifupishia kazini, "Kam, uko salama?" Nikamwambia nina kazi ya kuandika. Kacheka, alidhani nafanya mzaha.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua unakisoma pole pole huku midomo inatikisika, kama ulivyokuwa ukisoma ulipokuwa mdogo. Lakini Kiingereza changu ni cha abiria na cha wakubwa wa kazi, hakitoshi kwa haya. Ukikwama neno usiiulize simu. Niulize mie, au mwulize mama yako, maana yeye anayajua yote nitakayoyaandika humu.

Mambo ya koti la mvua na ya kula vizuri na ya kutuma ujumbe ukifika, mama yako kashayasema na kesho uwanja wa ndege atayasema tena. Mie nina jambo moja tu. Naliogopa, kwa hiyo nitalizunguka kidogo, univumilie.

Jumamosi unaolewa Galway. Mie ndiye walii wako, na kwa kuwa sisafiri, inatakiwa niandike karatasi ya wakala, nimpe ruhusa sheikh wa kule akuozeshe kwa niaba yangu. Mistari mitatu. Mie fulani bin fulani, nimemwakilisha sheikh fulani amwozeshe binti yangu fulani kwa bwana fulani. Mtoto wa skuli angeimaliza kabla chai haijapoa. Umeniomba mara tatu. Mara ya kwanza nilikwambia nimechoka. Ya pili nikakwambia sioni kalamu, na kalamu nne ziko kwenye kikombe juu ya meza, mbele ya macho yako. Ya tatu sikukujibu kabisa. Juzi nikakusikia chumbani unamwambia mchumba wako Cormac kwenye simu kwamba baba anakataa kukuozesha kwa sababu ya lile jina. Ulikuwa unalia, na unapolia hutoi sauti, tangu utotoni.

Sivyo, mwanangu. Ingekuwa hasira ingeshakwisha. Unanijua, mie nawaka upesi na nazimika upesi. Hebu turudi kwenye kile chakula cha jioni, maana pale ndipo nilipokuumiza na pale ndipo uliponigusa bila ya kujua.

Mama yako alipika mchuzi wa pweza. Ulikuwa na furaha, ukasema hospitali ya Galway imeshakutumia fomu za kazi na utajiandikisha Zuwena Thornton, jina la mumeo mtarajiwa. Nikaweka kijiko chini. Nikakwambia kwetu mwanamke haachi jina la baba yake. Akiolewa, akiachwa, akizeeka, ni binti wa baba yake. Mume ana heshima yake, lakini hampi mtu nasaba. Mpaka hapo sikukosea, na hapo bado nimesimama. Ukanijibu taratibu, kwa Kiingereza, kwamba jina la Makame halikwambii kitu. Ukasema, "Baba, mie sijawahi kumwona Makame hata mmoja. Hakuna picha, hakuna shangazi anayepiga simu, hakuna mtu. Ni nani hao?"

Hapo ndipo nilipopasuka. Nikasema mwanamke anayevua jina la baba yake hana asili. Nikasema na mengine, na hayo siyarudii, ulivyoyasikia mara moja inatosha. Uliinuka ukakusanya sahani, ukaziosha zote, hata sufuria lililoungua ukalisugua, ukaenda kulala. Mama yako hakunisemesha siku tatu. Ya nne akanisemesha neno moja. "Mwambie."

Nilikufokea kwa sababu ulisema kweli. Hujamwona Makame hata mmoja kwa sababu huna Makame. Mie siye Khamis Makame. Jina langu ni Shaame Kombo Faki.

Haya, limeshaandikwa. Nilinyanyuka nikanywa maji, nikarudi, bado lipo.

Sasa nikueleze, na nitakueleza yote, hata yale yanayonitia aibu. Khamis Makame ni mtu, na yu hai, yuko Konde, Pemba, ana ng'ombe wawili na mguu mmoja mbovu. Tulikuwa marafiki na tulifanana kidogo, kipaji cha uso na masikio. Yeye alikuwa ameshapata pasipoti na viza ya kuja kusoma huku. Mie sikuwa na chochote, nilikuwa natafutwa. Mambo ya siasa yalikuwa yamechafuka, nilikamatwa, nikapigwa, nikatoka, nikaambiwa wanakuja tena. Wiki hiyo hiyo mama yake Khamis akaanguka, akawa hawezi hata kugeuka kitandani. Khamis akaja usiku nyumbani kwetu, akaiweka pasipoti juu ya mkeka mbele ya baba yangu. Akasema, "Mie siondoki tena. Shaame aende awe mie." Baba yangu akaitazama ile picha, akanitazama mie, akasema masikio yatapita.

Yalipita. Nilifika Heathrow nikiwa Khamis. Miezi miwili baadaye nikaomba hifadhi, na hapo ndipo nilipofanya kosa langu, siyo kule Konde. Kule nilikuwa nakimbia. Hapa nilikuwa nimekaa kwenye kiti, chumba kina joto, nimepewa maji ya kunywa, na bibi mmoja mpole anaandika kila ninalosema. Nilimweleza kila kitu. Makovu niliyomwonyesha mgongoni yalikuwa yangu, jina lilikuwa la Khamis. Mwisho akafunga faili, akaniuliza kupitia mkalimani, "Kuna jambo lolote ungependa kusahihisha au kuongeza?" Nakumbuka mkalimani alikuwa Mmombasa, na alinitazama kwa muda, kama anayejua. Nikasema hakuna.

Nilijiambia nikishapata karatasi nitasema. Nikazipata. Nikajiambia nikishapata uraia nitasema, maana hapo hawanifukuzi. Nikaupata, nikaapa mbele ya picha ya Malkia kwa jina la Khamis. Kisha ukazaliwa wewe. Nikaenda kukuandikisha, msajili akaniuliza jina la baba wa mtoto, na kalamu yake ikawa inanisubiri. Mara zote hizo niliulizwa vizuri. Hakuna aliyenibana. Nakwambia hili kwa sababu watu wengi watakuhadithia kwamba uongo humtoka mtu akiwa amebanwa. Wangu mkubwa niliusema nikiwa nimestarehe.

Labda unajiuliza kuhusu mama yako. Yeye alikuja kwa jina lake mwenyewe, kwa kaka yake, na karatasi zake zilikuwa zimekamilika kabla hujaingia tumboni. Na tulipooana tulioana mara mbili siku moja. Asubuhi sebuleni kwa mjomba wako, watu watatu wa Konde, milango imefungwa, nikaozwa kwa jina langu la kweli. Mchana tukaenda kwa msajili na nikawa Khamis. Kwenye fomu nimedanganya, kwa msajili nimedanganya, kazini mpaka leo nadanganya. Kwenye nikaha sijadanganya. Nilijiwekea huo mpaka mmoja tu, na ndiyo sababu karatasi yako ya wakala imenishinda. Niliiandika Jumatatu kwa jina la Khamis, nikaisoma, nikaichana vipande nikavitia mfukoni, kwa sababu niliogopa utavikuta kwenye ndoo ya taka.

Na katika maisha yako yote mama yako hajawahi kuniita Khamis. Jaribu kukumbuka. Ataniita Baba Zuwena mbele yako, mbele ya wageni, mbele ya daktari. Watu wanaona ni mila zetu tu, mke hamwiti mume kwa jina. Kweli ni mila. Lakini aliishika kwa nguvu kuliko wanawake wote ninaowajua kwa sababu hakutaka ulimi wake uingie kwenye uongo wangu.

Ulipokuwa skuli walikutuma kuchora mti wa ukoo. Ulikuja na karatasi kubwa na penseli za rangi, ukanikalia mapajani, ukaniuliza jina la babu. Nikakwambia Makame. Ukaniuliza alikuwa anafanya kazi gani. Nikakwambia mkulima wa karafuu. Mama yako akatoka chumbani. Ukamchora babu Makame na kofia, ukamtia rangi ya kijani kwa sababu kahawia ilikuwa imekwisha, na mwalimu akakupa nyota. Baba yangu mie alikuwa mhunzi. Alifua majembe na mapanga, mikono yake ilikuwa na alama za cheche mpaka kwenye viwiko. Nilimnyima hata hilo.

Na hili la mwisho ndilo baya. Ulikuwa na miaka tisa. Simu ilikuja kutoka Konde kwamba Kombo Faki amefariki. Ningekwenda kumzika kwa pasipoti gani? Khamis Makame angeteremka uwanja wa Pemba na kila mtu anamjua Khamis Makame, yuko shambani anachunga. Sikwenda. Tukasoma khitma hapa hapa, msikiti ukajaa, watu wema wakaleta chakula, na sheikh akaniuliza marehemu ni nani kwangu. Nikamwambia ni ami yangu. Akaomba dua kwa sauti, Mungu amrehemu Kombo Faki, ami yake ndugu yetu Khamis, na watu mia wakaitikia amin. Ulikuja ukakaa karibu yangu na sambusa kwenye kitambaa cha karatasi. Ukaniuliza, "Baba, mbona unalia sana kwa ami?" Nikakwambia alinilea.

Basi. Mtu aliyemkana baba yake mbele ya watu mia ndiye aliyekupigia kelele juu ya jina la baba.

Ningeendelea kunyamaza, sikufichi. Kilichonivunja ni Mzee Thornton, babu yake Cormac. Alikuja Jumapili ile baada ya ugomvi, wewe ulikuwa zamu. Katoka Wembley kwa treni mbili na basi, ana miaka themanini na mbili, na jambo la kwanza aliloniambia mlangoni ni kwamba amesimama pale stesheni akamwomba msichana ampige picha chini ya kibao cha Thornton Heath, apeleke kwao waone ana mji wake London. Kaleta mkate wenye zabibu, kauliza dukani na hauna pombe. Mama yako akamtengenezea chai ya tangawizi, akanywa vikombe vitatu.

Nilijua katumwa na Cormac kuja kunituliza. Sikutaka kutulizwa. Nikamwambia wazi kwamba sina neno na mjukuu wake, kijana kasilimu mwaka juzi, anasali, ana adabu, lakini binti yangu habadilishi jina. Nilitegemea atabisha. Akasema, "Uko sawa. Kwetu zamani mwanamke hakubadilisha pia. Alikufa na jina la baba yake. Mambo haya ya jina la mume tumeyapata kwa Waingereza, kama mengine."

Akatoa mfukoni miwani na karatasi zilizokunjwa. Anayakusanya majina ya kwao tangu alipostaafu, kama wengine wanavyokusanya stempu. Akanieleza kwamba Ó mbele ya jina maana yake mjukuu, mtu wa kizazi cha fulani, na Mac ni mwana. Mwana wa kike ana neno lake, Ní, na mke ana lake, Uí. Nikamwambia hii ni bin na binti, haina tofauti na yetu. Akafurahi akapiga meza. Akaniambia maana za majina ya majirani zake wa utotoni. Kuna ukoo jina lao maana yake kichwa kibaya, na wametoa wakubwa wa nchi. Doyle, kasema, ni mgeni mweusi, waliitwa hivyo watu waliotoka baharini zamani kuwapora. Nikamwambia basi mie ndiye Doyle wa mtaa huu. Tulicheka mpaka mama yako akachungulia.

Kisha nikamwuliza Thornton maana yake nini. Akavua miwani. Kasema Thornton si jina lao. Lao ni Ó Draighneáin, kizazi cha mtu aliyeitwa kwa ule mti mweusi wa miba unaoota kwenye kingo za mashamba kule. Mababu walipoandikwa kwa Kiingereza, karani akatafuta jina lolote la Kiingereza lenye miba ndani yake, akaandika Thornton, na kodi ya ardhi ikalipwa kwa jina hilo. Wengine majina yao yaliandikwa kwa kufuata sauti, lao liliandikwa kwa kufuata maana. Wapo waliokuwa Mac Gabhann, wana wa mhunzi, leo wanaitwa Smith na wakikwambia ni Waairishi hutawaamini.

Aliposema mhunzi nilihisi uso wangu umebadilika. Hakuona, au aliona akaendelea.

Akasema, "Lakini usinionee huruma, maana mie jina hilo nililipenda." Alipokuja London kijana, kuchimba mitaro, nyumba za kupanga hazikuwataka watu wa kwao. Yeye akiandika Thornton kwenye barua anapata chumba. Alijifunza kusema maneno machache kwa lafudhi ya kaskazini ya Uingereza, na mwenye nyumba akaamini katoka huko. Kisha mdogo wake akaja kutoka Galway, hana pa kulala, akagonga mlango saa ya chakula, akaongea kwa lafudhi yao. Mwenye nyumba akageuka akamwuliza, "Bwana Thornton, unamjua huyu?" Akajibu, "Ni mtu wa kazini." Mdogo wake akasema samahani, nimekosea nyumba. Akaondoka. Walionana tena, waliwazika wazazi pamoja, na hawakulizungumza neno hilo mpaka mdogo wake akafa.

Mzee yule aliniangalia akasema, "Nilidhani nimempoteza kwa usiku mmoja. Baadaye nikaona kila nikikaa naye, yeye ni ndugu yangu na mie bado ni mtu wa kazini." Kisha akaomba kikombe kingine cha chai.

Nilimsindikiza kwa gari mpaka stesheni. Njia nzima nilikuwa nataka kumwambia, mie nilimwita baba yangu ami. Badala yake nikawa namwuliza saa za treni. Nikampandisha treni, nikarudi, nikakaa kwenye gari mbele ya nyumba mpaka mama yako akaja kugonga kioo.

Jumanne nilikwenda kwa wakili Croydon. Usishtuke, nakwambia alivyosema, bila ya kuongeza wala kupunguza. Wewe uko salama. Umezaliwa hapa na uraia wako umesimama kwa mama yako, hakuna wa kuugusa. Mie sina hakika hiyo. Kasema nikijitaja mwenyewe ni bora kuliko kukamatwa, na kwamba mateso niliyoyaeleza yalikuwa ya kweli, nalo litasaidia. Lakini wanaweza kuninyang'anya pasipoti. Wanaweza kunisimamisha kazi mpaka waamue. Inaweza kuchukua miaka. Kasema nisitoke nchini, na ndiyo maana siji Galway. Nilikwambia sikupata likizo. Huo nao ulikuwa uongo, natumai ndio wa mwisho kwako. Jumatatu asubuhi narudi kwake kutia saini maelezo.

Nilimwuliza pia kuhusu karatasi ya wakala. Nikiiandika kwa jina langu la kweli itakaa kwenye faili la msikiti, na siku yoyote mtu anaweza kuisoma na kuuliza Shaame ni nani. Kasema ningoje, nimwombe sheikh aandike jina la kwenye pasipoti kwa sasa, la kweli litafuata mambo yakitulia. Ni ushauri mzuri. Ndio niliojipa mwenyewe miaka thelathini na moja.

Najua unachokiwaza hapa, kwa sababu unafanana na mama yako kwenye kuwaza. Unawaza usiende. Unawaza uiahirishe harusi ukae na baba mpaka yaishe. Nakuomba usifanye hivyo. Nimeharibu mazishi ya baba yangu kwa woga, sitaki niharibu na harusi yako kwa ujasiri wa kuchelewa. Panda ndege kesho. Ukikasirika, kasirika ukiwa Galway. Una haki ya kukasirika na sitakuwekea muda. Usinifunike tu na huruma upesi upesi ili tupate kulala, kwa sababu mie nilifunikwa na dua za watu mia wema na hazikunisaidia, walikuwa hawajui wanachokiombea.

Na hilo la Thornton, fanya utakavyo kwenye fomu zako. Nasema kweli. Bado naona mwanamke abaki na nasaba yake, na ukiniuliza kesho nitakwambia hivyo hivyo, labda kwa sauti ya chini zaidi. Lakini Makame haikuwa nasaba yako, na nilikugombeza ulinde mlango wa nyumba ya mtu mwingine. Uliyo nayo ni hii. Wewe ni Zuwena binti Shaame bin Kombo bin Faki. Faki nasikia alitoka Tumbatu na alikuwa mkorofi. Kombo nimekwambia, mhunzi, mkimya, akicheka anaziba mdomo kwa sababu ya jino. Una shangazi wawili, Mize na Time, na wote wana namba yako ya simu tangu ulipomaliza chuo, hawaipigi kwa sababu mie nimewakataza. Picha zipo. Zimo kwenye bahasha ya rangi ya udongo, mama yako anajua ilipo. Na Khamis mwenyewe kila Idi hunipigia akaniuliza, "Hujambo, Mie?" Nami humjibu, "Sijambo, Mie, hujambo wewe?" Tumezeeka kwenye mzaha huo. Nilipompigia juzi kumwambia narudisha jina lake, akasema, "Limekutumikia vizuri, lakini huku watu washanizoea bila pasipoti."

Jana nilimpigia sheikh wa Galway. Nilitoka nje uani, mvua inanyunya, nikasimama karibu na mapipa ili mama yako asinisikie nikishindwa. Sheikh ni Msudani, ana sauti ya upole. Nikamwambia mie ni baba wa bibi harusi. Akasema wamenisubiri sana. Akasema karatasi itafuata, kwanza anaandika mwenyewe anisomee. Akaandika jina la Cormac na baba yake, akaandika mahari, akaandika jina lako. Kisha akaniuliza, "Zuwena binti wa nani?"

Nikafunika pipa moja lililokuwa wazi. Akadhani simu imekatika, akasema alo, alo. Nikasikia kalamu yake imesimama, au nilidhani nimeisikia. Nikamwambia.

Aliliandika, akanisomea, likawa sawa. Karatasi yenye saini yangu iko ndani ya bahasha hii, nyuma ya kurasa hizi, kwa jina hilo hilo. Sitaki uikute sanduku likishafungwa, wala uisome peke yako ndani ya ndege. Mkirudi leo nitakupa mkononi, nami nitakaa hapa hapa mezani mpaka umalize, hata ukisoma mpaka isha.

Jumamosi sitakuwepo kukushika mkono. Wanaume watakaa mbele, wewe utakuwa na wanawake upande mwingine, na sheikh atasoma kwa sauti ili mashahidi wasikie. Atasoma jina ambalo hujawahi kuitwa. Ukilisikia, mwanangu, usigeuke kumtafuta anayeolewa. Ni wewe.

Baba yako,
Shaame Kombo Faki